Ripoti za taasisi huru darasani: maswali yenu

Mwalimu, ripoti ya utafiti wa sera inaweza kuwa kitabu cha kiada?
Hapana. Ni ya semina, na isomwe pamoja na nyingine inayoipinga.

Nitajuaje kama taasisi ni huru kweli? (Mhadhiri msaidizi, Dodoma)
Swali hili linarudi kila muhula, na wanaouliza hawajafungua hata ukurasa wa shukrani. Tazama nani kalipa, nani katunga dodoso, na kama data ghafi zimewekwa wazi. Huru si kukosa mfadhili. Chuo chako nacho kina wafadhili, na hao pia wahojiwe.

Nataka kufundisha kwa Sauti za Wananchi lakini naogopa siasa.
Fundisha, tena anza na Julai 2018. Twaweza, shirika linaloendesha utafiti huo wa maoni ya wananchi, ilitangaza kwamba wanaoridhika na utendaji wa Rais Magufuli walishuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi 55. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikaandika barua kuhoji kibali cha utafiti. Miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ya 2015 ikarekebishwa, ikawa kosa kusambaza takwimu za kupinga zile rasmi. Mwaka 2019 kosa hilo likaondolewa. Mwanafunzi wa sera asiyeyajua haya hajui nchi yake.

Ila usiishie kwenye asilimia. Wahojiwa hupigiwa simu, na ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar haimo! Bado nasahihisha tasnifu zinazoandika "Watanzania wote". Mwanafunzi asiyeweza kueleza sampuli ilipatikanaje asiruhusiwe kunukuu matokeo, na msimamizi aliyepitisha sura hiyo ana lawama kubwa kuliko yeye.

Naomba unitumie tafiti zote za elimu.
Sitatuma. Uwezo, HakiElimu na REPOA wana tovuti. Kutafuta ni sehemu ya kazi uliyopewa.

Wanafunzi wangu wanasumbuliwa na Kiingereza cha ripoti. Niwatafsirie?
Kabla ya kutafsiri, tafuta dodoso la Kiswahili. Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika unaofanya kazi hapa na REPOA, huwahoji watu ana kwa ana, na mama wa Sumbawanga hakuulizwa kwa Kiingereza. Alisikia swali la Kiswahili, akalijibu kama alivyolielewa. Kiingereza cha ripoti kimekuja baadaye. Wape wanafunzi dodoso zote mbili, wazilinganishe neno kwa neno. "Kuridhika" na "kukubali" ni kitu kimoja? Wabishane juu ya hilo saa nzima, kisha ndipo wafungue majedwali.