Gari la gesi Poland, bado linalipa?

Ndugu, unauliza kama gari la gesi (ile ya mtungi wa jikoni, siyo gesi asilia ya bajaji za Dar) huko Poland bado lina maana baada ya gesi hiyo ya Urusi kupigwa marufuku. Lina maana, ila kwa anayeendesha sana. Marufuku ya Umoja wa Ulaya ilianza kubana 20 Desemba 2024, na Poland ilikuwa mteja mkubwa. Siku hizi mzigo mwingi unakuja kwa meli, Marekani ikiwemo, kwa hiyo bei inayumba na soko la dunia na dola. Kinachoishikilia chini ya petroli, mara nyingi karibu nusu, ni ushuru mdogo. Serikali ikiugusa huo, hesabu inabadilika.

Usilinganishe lita kwa lita: gesi inaliwa zaidi, kama asilimia 15 hadi 20, na injini ikiwa baridi inawaka kwa petroli kwanza.

Ukienda kukagua gari, fungua buti, soma tarehe kwenye tangi la gesi pale panapokaa tairi la akiba. Kibali chake ni miaka 10. Kikikaribia kuisha, bana bei.