Kabla ya Kumkabidhi Mgeni Ufunguo wa Nyumba Yako ya Bagamoyo

Nilipoamua kuipangisha nyumba yetu ya Bagamoyo kwa siku badala ya kwa mwezi, nilidhani kwamba kitakachobadilika ni bei tu. Nilipaka rangi, nikanunua magodoro na vyandarua, nikaweka picha Airbnb, mtandao unaowaunganisha wageni na wenye nyumba, kisha ndipo nikaenda halmashauri kuuliza habari za leseni. Huko nilielezwa kuwa kiwanja chetu kimeandikwa kuwa cha makazi, na kwamba maombi yangu hayawezi kuendelea mpaka suala la matumizi ya ardhi lishughulikiwe kwanza. Nyumba ilikaa tupu kwa miezi kadhaa, godoro jipya likiwa bado ndani ya nailoni yake. Ninayaandika haya kwa ajili ya wewe unayeanza sasa, ili fedha yako isitangulie mbele ya karatasi zako.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba mtu anayekaa mwaka mzima kwa mkataba ni mpangaji, ilhali anayelala siku mbili na kulipa kwa usiku ni mgeni. Na nyumba inayopokea wageni kwa malipo huhesabiwa miongoni mwa biashara za malazi, hata ikiwa ina vyumba viwili na wewe mwenyewe unaishi uani. Kwa hiyo Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, ushuru wa halmashauri kwa nyumba za kulala wageni na masharti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni mambo ya kuyauliza mapema, kabla hujatangaza chumba hata kimoja.

Anza na ardhi. Hapa kwetu nyumba nyingi ni za urithi, na mara nyingi hati bado ina jina la babu aliyefariki zamani. Nakusihi usimpokee mgeni kabla familia haijamteua msimamizi wa mirathi na mahakama kumthibitisha, na kabla ndugu wote wenye haki hawajaridhia kwa maandishi, kwa sababu ndugu aliyenyamaza wakati nyumba haina kitu atasema siku atakaposikia kwamba inaingiza fedha za kigeni, naye atakuwa na haki ya kusema. Baada ya hapo ndipo uombe kibali cha kubadili matumizi ya kiwanja, iwapo kimepangwa kwa makazi pekee.

Ikiwa nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi la Mji Mkongwe wa Bagamoyo, usiguse ukuta wa mawe wala mlango kabla hujazungumza na wahusika wa Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo iliyochongwa kwa nakshi kabla ya mwaka 1940, na ukweli ni kwamba mlango wa namna hiyo ndio unaomfanya mgeni apite hoteli za ufukweni aje kwako. Kuung'oa ili utie mlango wa alumini ni hasara kwako na kwa mji. Aliye karibu na maji naye akumbuke kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, hivyo banda la kupumzikia wageni mchangani linaweza kukuletea amri ya kubomoa.

Kuhusu kodi, liko kosa ambalo nimeliona kwa wenzangu wengi. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kila mwezi unaponunua umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, na mtu huona kwamba kwa kukatwa huko amekwisha kulipa kila kitu. Kodi ile ni ya jengo; mapato yanayotokana na jengo yana hesabu yake Mamlaka ya Mapato (TRA). Kampuni inapokuwa mpangaji wako, yenyewe hukata asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha, lakini mgeni wa usiku mmoja hakukatii chochote, kwa hiyo wajibu wote unabaki mikononi mwako. Andika kile alicholipa mgeni kabla mtandao haujakata kamisheni yake, na kamisheni uiandike pembeni kama gharama. Viwango vya tozo hubadilika mara nyingi kwa bajeti inayoanza kutumika tarehe 1 Julai. Kila mwaka nenda ukaulize upya, na usitegemee alichokuambia dalali.

Leseni ya biashara huombwa kupitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na hapo sina mengi ya kusema, maana ukiwa na namba ya mlipakodi na nyaraka za kiwanja zilizokamilika kazi huwa nyepesi.

Kitabu cha wageni ndicho ninachotaka ukipe uzito. Andika jina kamili, uraia, namba ya pasipoti au kitambulisho, atokako, aendako, siku ya kufika na ya kuondoka, na uandike mgeni angali mbele yako, kwa kuwa askari au ofisa uhamiaji anapofika huuliza kitabu hicho kwanza. Hata hivyo, taarifa hizo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakubana wewe pia; picha za pasipoti za watu zisikae kwenye simu ya mfanyakazi wa usafi, wala zisitumwe katika kundi la WhatsApp la familia.

Kabla mgeni wa kwanza hajafika, nilikwenda na mdogo wangu kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha tukabisha hodi kwa majirani wa pande zote tatu. Mama wa nyumba ya nyuma aliomba mambo mawili: muziki uzimwe mapema usiku, na wageni wasipite uchochoroni mwake wakiwa na nguo za kuogelea, kwa kuwa watoto wa madrasa hupita hapo kila alasiri. Yote mawili tumeyaandika kwa Kiswahili na Kiingereza, tukayabandika nyuma ya mlango wa kila chumba, chini ya namba 114 ya zimamoto.