Re: Nimekwama na insha ya Shirley Chisholm, ualimu mpaka ubunge

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, kila unachosoma kuhusu Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Kongresi (bunge la taifa la Marekani), kinaruka kutoka ualimu moja kwa moja mpaka 1968 alipochaguliwa huko, huoni alifanya nini katikati. Hata mimi nilikwama hapo hapo nikiandaa somo la uraia kwa vijana wangu.

Kwanza cheki ni bunge lipi linaongelewa. Kabla ya Washington alikuwa Albany, bunge la jimbo la New York, alichaguliwa 1964 akakaa 1965 mpaka 1968, na wengi wanachanganya hayo mabunge mawili. Halafu nyuma yake panga kazi zake: alifundisha chekechea huku usiku anasoma masters Chuo Kikuu cha Columbia, halafu miaka ya 1950 hadi 1959 akaongoza kituo cha kulea watoto cha Hamilton-Madison pale Manhattan, kisha akawa mshauri wa elimu kwenye idara ya jiji ya ustawi wa watoto mpaka 1964.

Nyama yenyewe iko kwenye sheria alizopigania Albany. Mwalimu wa kike alikuwa akienda likizo ya uzazi anapoteza haki yake ya ajira ya kudumu, hilo akalivalia njuga, tena kuna mpango wa SEEK wa kuwaingiza chuo vijana wa familia maskini, na bima ya kukosa ajira kwa madada wa kazi, watu ambao nani aliwakumbuka zamani zile? Ni mambo ya mtu aliyeshinda na watoto na mama zao, so unganisha kila sheria na kazi yake ya nyuma. Kugombea kwake urais 1972 kupe sentensi moja tu, swali lako halijauliza huko.