Ukijisikia mzima, kidonge bado kina kazi

Bandama yangu ilipovimba nilidhani ni malaria. Vijiko vitatu vya wali nimeshiba, usiku shuka limelowa jasho, ubavu wa kushoto mzito. Nilimaliza dozi mbili za malaria bure. Picha kamili ya damu ndiyo iliyoonyesha chembe nyeupe zimepita 200,000, na kipimo cha PCR, kinachosaka alama ya jeni ya ugonjwa kwenye damu, kikasema BCR-ABL: saratani ya damu, aina ya sugu, yaani inayokwenda polepole.

ABL ni protini tuliyo nayo sote. Hupokea ujumbe ndani ya seli na kuupeleka mbele kwa kuzibandika protini nyingine fosfati. Isipohitajika hujikunja ikatulia. Kwangu, seli moja ya uboho ilibadilishana vipande vya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) namba 9 na 22, jeni ya ABL ikaungana na nyingine iitwayo BCR, mkunjo ule ukafunguka moja kwa moja. Usiku na mchana ujumbe ni uleule: gawanyika. Hairithiwi hiyo. Nalisema kwa mkazo kwa sababu mama yangu alijilaumu mwaka mzima, na hakuna aliyemwambia.

Kidonge changu ni imatinib, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001; hukaa pale ABL inapochotea nguvu zake, ikakosa fosfati ya kubandika. Nikapewa miligramu 400 kwa siku. Baada ya miezi michache bandama ikanywea, nikarudi kazini, na hapo ndipo nilipokosea. Safari, sikumeza. Msiba, sikumeza. Macho yalikuwa yakivimba asubuhi na misuli ya miguu kukaza, nikaona nipumzike kidogo. PCR iliyofuata ilipanda. Daktari alifunika kalamu kwa kiganja, akaniambia, "Dada, dawa inaikalia tu. Ukiinua mkono, ipo."

Basi meza pamoja na chakula na glasi nzima ya maji, la sivyo kichefuchefu kitakushinda. Changu nakimeza baada ya chakula cha usiku, kopo liko kabatini juu ya sahani, siwezi kupakua bila kuliona. Achana na balungi, na dawa ya mitishamba mtajie daktari kwanza. Madhara yakikuzidi sema kliniki, usijipunguzie dozi. Ukitaka mtoto, zungumza nao kabla ya mimba.

Wapo walioacha dawa, lakini ni baada ya PCR kukaa chini sana miaka kadhaa, chini ya uangalizi, na takriban nusu yao ugonjwa hurudi wakaanza upya. Mimi napima kila miezi mitatu. Kipimo kijacho ni Jumanne.