Mkabaji katika safu ya kiungo: umtume lini, na umtume vipi

Makocha wa timu za mitaani za mpira wa Australia hapa magharibi mwa Melbourne huniuliza mara kwa mara ni mchezaji wa aina gani wampe kazi ya kumkaba kiungo hatari wa timu pinzani Jumamosi inayokuja. Mimi hupenda kwanza kuwauliza kiungo huyo anawaumiza wapi. Nilicheza kama mkabaji kwa misimu kadhaa katika kikosi cha akiba, na sasa nasaidia kuwafundisha viungo wa klabu hiyohiyo. Nilichokiona ni kwamba timu nyingi hutuma mkabaji kwa sababu ya jina la mpinzani, au kwa sababu ya idadi ya mipira aliyoipata wiki iliyopita, bila kutazama madhara yenyewe. Kiungo anaweza kupata mpira mara 30 katika mechi moja ya mpira wa Australia, na nyingi kati ya hizo zikawa pasi fupi za kurudi nyuma zisizomtisha mtu. Mwingine anaweza kuupata mara 15 tu, lakini kila anapoupata anautoa kwenye msongamano na kuupeleka kwa washambuliaji wake kabla mabeki hawajajipanga. Wa kwanza mwache acheze. Huyu wa pili ndiye anayestahili kupewa mtu.

Vijana wengi tunaowapokea kutoka familia za Kikongo, za Kirundi na za Kikenya wamekulia kwenye soka, na neno kiungo mkabaji huwapa picha ya mchezaji anayesimama mbele ya mabeki wake na kulinda eneo. Katika mchezo huu kazi hiyo haiwezekani kwa namna ile. Uwanja una umbo la yai, urefu wake unaweza kufika mita 185, kila timu ina wachezaji 18, na hakuna sheria ya kuotea, kwa hiyo mpira unaweza kutoka upande wowote na mtu anaweza kuusubiri popote apendapo. Eneo la ukubwa huo halilindwi na mtu mmoja. Kinachowezekana ni kumlinda mtu, na hata huyo mtu huwezi kumlinda kwa dakika zote za robo nne, jambo ambalo mkabaji mgeni huchelewa kulikubali.

Ndiyo maana nashauri kwamba mpango mzima wa ukabaji ujengwe juu ya zile nyakati ambazo mchezo umesimama na unataka kuanza upya. Mpira unapoanzishwa katikati, mraba wa mita 50 unaruhusiwa kuwa na wachezaji wanne tu wa kila timu, na wengine hawaruhusiwi kuingia mpaka mwamuzi auachie mpira. Kwingineko uwanjani, mpira ukikwama chini ya rundo la watu mwamuzi huurusha juu, na ukitoka nje mwamuzi wa pembeni huurudisha kwa kuurusha nyuma juu ya kichwa chake akiwa ameupa uwanja mgongo. Katika nyakati hizo zote yule unayemkaba yuko karibu, amesimama au anatembea, na unajua kwamba kabla ya sekunde tatu kupita atakuwa amekimbilia mahali fulani kuupokea mpira kutoka kwa mrukaji wake, yule anayeruka kuugombea mpira uliorushwa na kuwaangushia wenzake. Ukizishinda hizo sekunde tatu mara nyingi kuliko yeye, umefanya kazi yako. Mpira ukishafunguka na kuanza kupigwa kutoka upande hadi upande, atakuponyoka mara kadhaa hata uwe na mapafu ya namna gani, na hapo ni heri umfuate kwa hatua chache nyuma, upande wa goli lako, kuliko kukimbizana naye bega kwa bega huku timu yako ikicheza kama ina mtu mmoja pungufu.

Namna ya kusimama ina mambo madogo ambayo hayaonekani kutoka kwenye uzio. Mkabaji asimame kati ya mtu wake na mahali ambapo mrukaji wa wapinzani hupenda kuuangusha mpira, na mahali hapo hapatikani kwa kubahatisha, kwani warukaji wengi wana upande wanaouamini na ukimtazama mmoja wao robo ya kwanza yote utauona. Mgongo wa kiganja au kiganja kilichofunguka kiguse nyonga ya mtu wako, ili uhisi anapohamisha uzito kabla hujamwona akiondoka. Macho yatazame kiuno chake, kwa sababu mabega na kichwa hudanganya na kiuno hakiwezi kwenda upande mmoja huku mtu akienda mwingine. Kama anapiga kwa mguu wa kushoto, funga kushoto kwake umlazimishe ageukie kulia, hata ikibidi umwachie nafasi upande huo. Mpira alioupiga kwa mguu asioupenda, akiwa na mtu kifuani, mara nyingi huwa ni mpira wa mabeki wako. Mwezi Julai, viwanja vyetu vinapokuwa tope katikati, pale ambapo majira ya joto huchezewa kriketi, mkabaji apunguze urefu wa hatua zake, maana anayeteleza kwanza ndiye anayeachwa.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi hujifanya hawaijui. Kumshika mtu asiye na mpira ni kosa. Kumsukuma kwa bega kunaruhusiwa mpira ukiwa ndani ya mita tano, na ukiwa mbali zaidi ya hapo hupaswi kumgusa kwa nguvu wala kumzibia njia. Waamuzi huangalia jezi, na kitambaa kikivutika hata kidogo filimbi inalia. Kwa hiyo anayemganda mpinzani kama ruba kwa vidole vyake anawapa wapinzani pigo la bure, na likitolewa karibu na goli lako huenda likawa goli la pointi 6. Wakabaji wanaobana, kufinya na kutukana wapo, na nimecheza dhidi yao. Sijaona ambacho timu zao zilipata kwa hayo zaidi ya adhabu na mpinzani aliyeongezewa hasira ya kucheza.

Hilo la mkono likishaeleweka, linafuata jambo ambalo makocha wengi hawalifanyi kabisa, nalo ni kuwaambia wale viungo wengine watatu kazi yao ni nini. Timu pinzani ikigundua kwamba nyota wake anakabwa, haitakaa kimya. Mwenzake mmoja atajiweka njiani mwa mkabaji kwa kifua, ndani ya zile mita tano zinazoruhusiwa, ili nyota apate hatua mbili za kuwa huru, na hatua mbili zinamtosha. Mkabaji hawezi kupita katikati ya mwili wa mtu. Dawa yake ni kiungo wa pili aliyeambiwa mapema kwamba akiona mkabaji amezibiwa, yeye ndiye anayemchukua nyota, na mkabaji abaki na yule aliyemzibia. Makabidhiano haya hufanywa kwa neno moja linalotamkwa kwa sauti, na yanapaswa kufanyiwa mazoezi Jumanne na Alhamisi mpaka yawe mazoea. Mrukaji naye ana sehemu yake: akijua kwamba hataweza kuushinda mpira juu, angalau amvuruge mwenzake ili mpira usianguke pale panapotakiwa. Nimewahi kuona mkabaji akisifiwa kwa mechi nzima ambayo, kwa jicho langu, ilikuwa kazi ya mrukaji.

Njia nyingine za kumfungua nyota ni mbili, na kila moja inahitaji jibu lililopangwa kabla ya mechi. Ya kwanza ni kumpeleka mbele acheze kama mshambuliaji. Usimfuate huko moja kwa moja isipokuwa una mwili wa kushindana naye mipira ya juu. Mwachie beki, kisha wewe uingie kwenye msongamano kama kiungo wa kawaida, kwa maana sasa wao ndio waliopunguza mtu bora katikati. Ya pili ni benchi. Katika ligi kuu, AFL, mabadiliko yamewekewa kikomo, na tangu 2021 kikomo hicho kimekuwa 75 kwa kila timu katika mechi, lakini hata palipo na uhuru zaidi wa kubadilisha, nyota anayetoka na kurudi anataka kukukuta umechoka naye akiwa amepumzika. Mteue mtu mmoja kwenye benchi lako ambaye kazi yake ni kumtazama huyo tu, na akitoka, mkabaji naye atoke bila kusubiri amri.

Sasa nifike kwenye jambo ninalolisisitiza kuliko yote, ambalo ni kwamba mkabaji asiyeutafuta mpira ni hasara hata akifaulu. Ukimzuia mtu bora wa wapinzani na wewe mwenyewe usipate mpira, mmebaki watatu kwa watatu katikati, na kama watatu wao ni bora kuliko watatu wenu, umewasaidia. Nyota wengi hawapendi kukimbia kurudi nyuma, na hapo ndipo wanapoumizwa. Timu yako inapoupata mpira, mwache hapohapo, kimbia mbele yake kuelekea goli lao, umlazimishe achague kati ya kukufuata na kukuacha. Akikufuata amechoka, na akikuacha utapewa mpira ukiwa peke yako. Cameron Ling wa Geelong, ambaye kwa miaka mingi alitumwa kwa viungo bora wa ligi, ndiye aliyekuwa nahodha katika fainali ya 2011 ambapo Geelong waliifunga Collingwood pointi 119 kwa 81, na goli la mwisho la mechi ile alilipiga yeye. Collingwood siku hiyo walikuwa na Dane Swan, mshindi wa nishani ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi, ya mwaka huohuo. Mimi huwaonyesha vijana picha za video za Ling wakati timu yake ina mpira, na kuwaomba wahesabu ni mara ngapi yuko mbele ya mtu wake.

Mfano wa karibuni zaidi, ambao kila mtu hapa Victoria huutaja, ni wa Agosti 2023, Finn Maginness wa Hawthorn alipomkaba Nick Daicos wa Collingwood, kijana aliyekuwa amezoea kupata mpira zaidi ya mara 30, akamwacha na mara 5 tu, na Hawthorn wakashinda. Ni kazi nzuri kweli. Lakini Daicos aliumia goti katika mechi hiyo, na anayeutaja mfano huu bila kulitaja goti anaipamba hadithi. Tena Collingwood ndio waliotwaa ubingwa mwezi uliofuata. Somo ninalolichukua mimi ni dogo zaidi: Daicos wa wakati ule alikuwa akianza mipira mingi kutokea nyuma na pembeni, mahali ambapo timu nyingi zilimwachia kwa kuona hapana hatari, na Hawthorn waliamua kwamba hatari inaanzia hapohapo. Walijibu kwanza swali la wapi.

Katika kumchagua mtu, mbio na nguvu vina umuhimu, lakini tabia ina umuhimu zaidi. Unamtaka mtu asiyekasirika anapopitwa, kwa sababu atapitwa, na asiyehitaji kusikia jina lake likitajwa. Kura za Brownlow hutolewa na waamuzi, pointi 3, 2 na 1 kwa wachezaji watatu waliowaona bora katika mechi, na macho ya mwamuzi hufuata mpira. Tony Liberatore, aliyekuwa na urefu wa sentimita 163, aliitwaa nishani hiyo mwaka 1990, ila sifa yake ya mkabaji asiyebanduka ilikuja kukua baadaye. Kwa hiyo heshima ya mkabaji inabidi itoke ndani ya klabu. Fremantle walimpa Ryan Crowley tuzo yao ya mchezaji bora wa msimu wa 2012, na Sydney walimpa Brett Kirk tuzo kama hiyo mwaka 2005 na tena 2007. Katika klabu yetu ndogo hatuna tuzo ya namna hiyo kwa kila wiki, lakini kila Jumanne kocha huanza kikao cha video kwa kipande cha mkabaji, kabla ya magoli. Kipande chenyewe huwa hakina mpira ndani yake, na wageni hushangaa wanaonyeshwa nini.

Kupima matokeo nako kufanywe kwa uangalifu. Usihesabu mipira yote aliyoipata mpinzani. Hesabu ile aliyoitoa yeye mwenyewe kwenye msongamano, na ile iliyofika ndani ya mita 50 za goli lako ikitoka mguuni mwake. Mzazi mmoja mwenye daftari na penseli anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko programu yoyote. Ikiwa hadi mapumziko ya katikati idadi hiyo haijashuka, au imeshuka lakini mwenzake wa pili amepanda kuchukua nafasi yake, mwondoe mkabaji katika kazi hiyo na urudi kucheza mpira wenu. Makocha huona aibu kubadilisha mpango waliouhubiri wiki nzima, na wanamwacha kijana akihangaika robo mbili zaidi.

Kwa timu za watoto chini ya miaka 14 situmi mkabaji kabisa, hata wazazi wakinilalamikia kutoka kando ya uwanja. Mtoto wa umri huo bado anajifunza kuutafuta mpira, kuuokota ukiwa umelowa na kuupiga kwa miguu yote miwili, na siwezi kumpa kazi ambayo nusu yake ni kutoutazama.