Kijana wa miaka 18 na pengo la timu yako

Ikikaribia Novemba, mwezi ambao klabu kubwa huchagua vijana wapya, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni wenzangu wa huku magharibi ya Melbourne, Watanzania wachache na Wakongo na Warundi wengi, watu tuliokulia kwenye soka halafu watoto wetu wakatuburuta hadi kwenye mpira wenye umbo la yai. Swali lao kila mwaka ni moja: "Kaka, safari hii tumchukue nani? Timu haina beki." Mara haina mfungaji, mara haina mtu mrefu. Nimeshalijibu jikoni, nimeshalijibu msibani, sasa naona bora niandike niwe nawatumia.

Mchezo wenyewe ni mpira wa miguu wa Kiaustralia, huku jina wamelifupisha, wanauita futi. Siku nilipomwambia mama yangu aliye Tanga kwamba mjukuu wake anacheza futi, aliniuliza futi ngapi.

Mimi si skauti wa kulipwa. Ni mzazi niliyeanza kwa kubeba chupa za maji kwenye klabu ya mtaa, nikapewa kazi ya kuandika takwimu, na kwa miaka kadhaa sasa nimo kwenye jopo dogo la kuchagua vijana wa klabu hiyo. Nikipata nafasi mwishoni mwa wiki nakwenda kuwatazama Western Jets, timu ya vijana ya upande wetu, kwa sababu kwenye ligi ile ndiko klabu kubwa zinakochota. Kwa mapenzi mimi ni wa Western Bulldogs. Ukiishi huku hiyo timu huichagui, unaikuta mlangoni.

Kwa aliyeingia juzi: kijana hapa hagombaniwi kwa fedha kama wanavyofanya Simba na Yanga. Tangu 1986 kuna drafti, yaani klabu kuchagua vijana kwa zamu. Aliyeshika mkia anachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, kisha mzunguko unaanza upya, ingawa klabu zinaruhusiwa kubadilishana zamu. Kijana lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Klabu ziko 18, kwa hiyo ukikosea, wenzako 17 wanapita mbele ya macho yako kabla hujarudi mezani.

Ushauri wangu wa kwanza huwaudhi watu. Pengo unalolilalamikia uliliona Jumamosi iliyopita. Kijana unayemtaka aje kuliziba ataiva baada ya miaka mitatu, na wengine mitano. Huyo beki wako mzee atakuwa ameshastaafu, kocha pengine amefukuzwa, na pengo litakuwa limehamia kwingine kabisa. Mwezi Oktoba klabu hubadilishana wachezaji waliokwisha kucheza: hilo ni soko la embe bivu. Drafti ya Novemba inauza miche. Mwenye njaa leo haendi kununua mche.

Hili nilijifunza kwa timu yangu mwenyewe. Mwaka 2013 nilikuwa nalia kama wenzangu kwamba Bulldogs hatuna mshambuliaji mrefu. Aliyekuwa anatajwa kila mahali, Tom Boyd, akachukuliwa namba 1 na GWS, klabu ya magharibi ya Sydney. Zamu yetu ilikuwa ya nne, na klabu ikamchukua kiungo anayeitwa Marcus Bontempelli. Nilikasirika. Viungo tulikuwa nao! Mwaka uliofuata, sokoni, klabu ikamtoa nahodha wake Ryan Griffen pamoja na zamu ya sita, ikamleta yule yule Boyd. Fainali kuu ya 2016 Boyd alifunga magoli matatu, moja kutoka mbali ambalo nikilikumbuka bado nasimama, na tukachukua ubingwa wa kwanza tangu 1954. Bontempelli ndiye nahodha wetu mpaka leo. Kwenye drafti walichukua aliye bora, pengo wakaliziba sokoni. Mimi nilitaka wafanye kinyume chake.

Hata hivyo sisemi usiliangalie pengo kabisa. Kuna mapengo ya namna mbili, na ni vizuri ujue lako ni lipi. Ukihitaji kiungo, mtoto wa miaka 18 anaweza kukusaidia mapema. Nick Daicos wa Collingwood alichukua tuzo ya kijana bora msimu wake wa kwanza, 2022. Lakini ukihitaji raki, yaani yule mrefu anayerukia mpira mwamuzi akiurusha juu katikati, hapo unapanda mnazi. Max Gawn alichaguliwa na Melbourne akiwa wa 34 mwaka 2009. Mara ya kwanza kuingia kwenye kikosi bora cha nchi nzima ilikuwa 2016, na mwaka 2021 akainua kombe kama nahodha, ubingwa wa kwanza wa klabu ile tangu 1964. Miaka yote ile ya katikati ni ya magoti, mazoezi ya mwili na watu kumcheka. Mabeki warefu na washambuliaji warefu nao wako karibu na huko. Kwa hiyo ukiona raki wako ana miaka 29, mche ulitakiwa uwe umeshapandwa. Usisubiri afike 33.

Na kama pengo ni la wiki hii hii, mtafute mtu mzima. Katikati ya msimu kuna drafti ndogo iliyorudishwa mwaka 2019. Mwaka ule Richmond walimchukua Marlion Pickett, mwanamume wa miaka 27 aliyekuwa anacheza ligi ya Australia Magharibi. Mechi yake ya kwanza kabisa kwenye ligi kuu ilikuwa fainali kuu. Akafunga goli, Richmond wakashinda kwa pointi 89. Mtoto aliyetoka kumaliza sekondari usimbebeshe mzigo wa namna ile.

Sasa, kumtazama kijana mwenyewe. Hapa niwaeleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi.

Kuna mwaka kwenye jopo letu la mtaa tulikuwa tunahitaji mtu wa mbele. Walikuja wawili, wote wa miaka 16. Mmoja alikuwa na kifua cha mpakuzi wa bandarini. Akiruka kudaka, wengine walikuwa wanaanguka kama nguo kwenye kamba. Mwingine alikuwa mwembamba, jezi inampwaya, anafika kwenye mpira sekunde moja kabla ya wote halafu anasukumwa. Nilimpigania yule wa kifua, kwa sauti. Mama mmoja kwenye jopo, mtulivu sana, akaniuliza: "Amezaliwa mwezi gani?" Nikaona swali la ajabu. Yule mkubwa alikuwa wa Januari. Mwembamba alikuwa wa mwisho wa Novemba. Kwenye karatasi wana umri mmoja, kwenye mifupa mmoja ana karibu miezi 11 zaidi. Sikuelewa, nikashinda kura. Baada ya miaka miwili wenzake walikuwa wamemfikia yule wangu kwa mwili, na hakuwa na kitu kingine cha kutegemea. Yule mwembamba akarefuka, akahamia klabu ya jirani, na siku walipokuja kwetu alitufunga matano. Nilikuwa naandika takwimu. Niliyaandika yote matano kwa mkono wangu.

Tangu siku ile tarehe ya kuzaliwa ndiyo kitu cha kwanza kwenye daftari. Pili namtazama mtoto anafanya nini ambacho hakitegemei mwili. Je, anafika mapema kwa sababu ana mbio, au kwa sababu amesoma mpira utaangukia wapi? Huyo wa pili atazidi kuwa mzuri. Wa kwanza siku atakayokutana na mwenye mbio kama zake, mambo yake yamekwisha.

Vipimo navyo visikupumbaze. Kila mwaka vijana hupelekwa kwenye kambi ya vipimo: mbio za mita 20, kuruka juu, kukata kona, na mbio za kilomita 2 zinazopimwa muda. Anayeshuka chini ya sekunde 2.9 kwenye mita 20 ana mbio za kweli, na anayemaliza kilomita 2 ndani ya dakika 6 ana mapafu. Mimi navitumia kuthibitisha nilichokiona uwanjani. Sijawahi kumpenda mchezaji kwa sababu ya saa ya mkononi. Mwaka 2001 Collingwood walimchukua Dane Swan akiwa wa 58. Mwaka 2011 Fremantle wakamchukua Lachie Neale, naye wa 58, tena mfupi. Swan alipata medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa ligi, mwaka 2011. Neale anazo mbili, 2020 na 2023.

Basi nitazame wapi? Twende uwanja wa Williamstown, ulioko kando ya bahari kiasi kwamba siku ya upepo wa kusini unasikia ladha ya chumvi mdomoni. Sisi watu wa pwani tunaujua kusi, lakini huu una baridi ya kukata masikio. Upepo ukivuma, mpira unaopigwa kuelekea baharini unasimama hewani kama umesahau kitu. Hapo ndipo pazuri pa kumpima kijana. Chagua mmoja, na kwa robo nzima ya mchezo usiutazame mpira, mtazame yeye. Inachosha, na utakosa magoli, lakini vumilia. Nilimfanyia hivyo beki mmoja majira ya baridi yaliyopita. Alipiga mpira vibaya ukarudi na upepo, wapinzani wakafunga. Sikujali lile kosa. Nilitazama kilichofuata. Hakunyanyua mikono, hakumgeukia mwenzake, hakutazama benchi. Aliokota udongo, akasugua viganja, akamwonyesha beki wa pembeni asogee hatua tano kulia. Mpira uliofuata uliangukia pale pale kwenye zile hatua tano. Nimemwekea nyota mbili. Kwenye takwimu za siku ile jina lake halionekani popote.

Kitu kingine ni mguu wa pili. Anayepiga kwa mguu mmoja tu, mabeki wa ligi kuu wanamziba upande huo ndani ya wiki mbili. Hilo halina maelezo marefu.

Namba aliyochezeshwa utotoni usiishike sana. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Turkana nchini Kenya, akakulia Brisbane, na futi ameijua akiwa tayari kijana. Sydney walimchukua akiwa wa 44 mwaka 2013, mrefu, mrukaji, hakuna aliyekuwa na hakika ni wa mbele au ni raki. Mechi yake ya kwanza ilikuwa 2016. Akawa beki, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akaingia kwenye kikosi bora cha mwaka. Ukimpima kijana wa namna hii kwa miaka aliyocheza utamkosa. Pima umbali aliosafiri ndani ya miaka hiyo michache. Wenetu wengi huku wako hivyo. Wanaanza wakiwa na miaka 12 au 13, wakati wenzao walilala na mpira kitandani tangu wana miaka minne.

Jambo la mwisho kabla hujampenda mtoto wa watu: uliza kama tayari ana mwenyewe. Baba akiwa amecheza mechi 100 au zaidi kwenye klabu, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe. Ndivyo sisi tulivyompata Sam Darcy, mtoto wa Luke Darcy, kama chaguo la 2 mwaka 2021. Klabu zenye akademi za kulea vijana nazo zina haki zake, na kanuni hizo hubadilika badilika. Mac Andrew, aliyezaliwa Misri kwa wazazi wa Sudan Kusini, alilelewa kwenye akademi ya Melbourne, lakini kanuni za mwaka huo zilikataza klabu kumdai kijana wa akademi kama yeye ndani ya machaguo 20 ya mwanzo. Gold Coast wakamchukua wa 5. Melbourne walimlea, wenzao wakavuna.

Wiki iliyopita jirani yangu Mkongo alinisimamisha kwenye maegesho. Mwanawe ana miaka 16, anataka kuacha futi arudi kwenye mpira wa kikapu, maana kocha anamweka benchi kila wiki na watoto wenzake wanamsukuma.

"Ni mwembamba sana, ndugu yangu. Nimwache tu?"

"Amezaliwa lini?"

"Desemba. Tarehe 19."

"Mlete Jumanne saa kumi na moja," nikamwambia. "Na aje na sweta, kuna upepo."