Swali la Lugha: Piza, tambi na ujumbe wa mwaliko

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Jumamosi ijayo nawaalika majirani pamoja na watoto wao waje kula vyakula vya Kitaliano nilivyojifunza kupika mwenyewe. Ujumbe nilioandaa ni huu: “Karibuni tushee mapizza, matambi, lasagna na tiramisu za Kitaliano zilizotengenezwa nyumbani.” Shemeji yangu anasema “mapizza” si Kiswahili. Binti yangu anasema neno pizza lisiguswe hata herufi moja, kwa sababu ni la wenyewe. Tena wapo majirani walioniomba niwaandikie namna ya kupika, na kila nikianza najikuta naandika “kuroll unga” na “kugrate cheese”. Nisaidie kabla sijaaibika. (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza ondoa hofu ya aibu, kwani ujumbe wako unaeleweka na wageni watakuja. Ila umeuliza uandike vipi ili upendeze, na hapo pana mengi ya kusema. Shemeji yako kapatia, binti yako kapatia nusu.

Tuanze na binti. Maneno ya Kiitaliano ni wageni wasio na shida katika Kiswahili, kwa sababu karibu yote huishia kwa irabu kama yetu. Benki na hoteli tulilazimika kuyatia “i” mwishoni ndipo yakakaa vizuri mdomoni. Pasta, lasanya na risoto yamefika yakiwa tayari. Shida yake ni tahajia tu. Waitaliano wanatumia herufi tunazozijua kwa sauti tusizozitarajia. “Ch” yao husomwa “k”, kwa hiyo mkate wa kuchoma unaopakwa kitunguu saumu na nyanya, wanaouandika bruschetta, hutamkwa brusketa. Ukiuandika kama wao, msomaji wa Kiswahili atausoma kwa “ch” ya chai. “Gn” yao ni “ny” yetu ya nyanya, ndiyo maana lasagna, zile tambi bapa zinazopangwa tabaka kwa tabaka, ni lasanya na gnocchi, yale madonge madogo ya viazi, ni nyoki. “C” ikifuatwa na “i” au “e” ndiyo inayotoa sauti ya chai, hivyo focaccia ni fokacha na ciabatta ni chabata. Hili la mwisho kwao maana yake ni ndara, kwa umbo la mkate wenyewe, nao ni mkate wa juzi tu: ulibuniwa Adria, kaskazini mwa Italia, mwaka 1982.

Sasa “zz”. Kiswahili hakiandiki konsonanti hiyo maradufu, na mimi huandika piza. Wapo wanaoandika pitsa kwa kuwa wanasikia “ts” katika matamshi ya Waitaliano, nao hawakosei masikio. Nachagua piza kwa sababu wengi wetu ndivyo tunavyotamka, na tahajia yetu hufuata kinywa cha msemaji wake. Kwenye jina la mkahawa, acha herufi za mwenye mkahawa. Binti akishikilia kwamba neno ni la wenyewe, mwambie kwamba mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa wapika piza wa Naples, mji wa kusini mwa Italia, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Kilichoandikishwa ni ufundi, si tahajia.

Tiramisu, kile kitamu cha kahawa cha kumalizia mlo, iachwe ilivyo. Kwao mkazo huanguka mwishoni kabisa, kwenye “su”, maana ni maneno yaliyoungana, “nivute juu”. Sisi tutauweka kwenye “mi” kama kawaida yetu, na asitokee mtu mezani akawasahihisha watoto kwa hilo.

Twende kwa shemeji. Majina ya vyakula vilivyotujia kutoka nje mara nyingi huingia ngeli ya I-ZI: chapati hii, chapati hizi, sambusa imeungua, sambusa zimeungua, keki, biskuti, soseji vivyo hivyo. Piza imefuata njia hiyo hiyo. Piza moja, piza tatu, piza zimeisha. Lasanya imeiva, lasanya zimeiva. Najua kinachowavuta watu kwenye “ma-”: tuna maandazi na mahamri jikoni, basi sikio linaona kila kitu cha unga kina haki ya “ma-”. Ila andazi na hamri yana umoja wake katika LI-YA, na hakuna anayesema “piza hili”, isipokuwa analidharau au anataka kusema ni kubwa ajabu. Hapo ni sawa kabisa: “Lipiza gani hili, halitoshi mezani!” Ukisema mapiza, msikilizaji makini atatarajia mapande ya kutisha. Kinyume chake kina manufaa zaidi kwa shughuli yako. Zile ndogo za kiganjani unazowatengenezea watoto ziite vipiza, na upatanisho ugeuke nazo: vipiza vitamu, kipiza kimoja kimoja kwa kila mtoto.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mengi ya majina haya kwa Waitaliano ni wingi tayari. Spaghetti, ravioli, gnocchi na panini yote ni wingi. Mkate mmoja ni panino. Anayeandika “mapanini” kaweka wingi juu ya wingi. Magazeti yetu yamefanya hivyo kwa mapaparazi, wapiga picha wa kuvizia watu maarufu, maana paparazzi ni wingi kwa Waitaliano. Lakini hilo silikosoi, kwa kuwa majina ya watu ya kukopwa tumezoea kuyapa “ma-”: madaktari, mapadri, mapaparazi. Chakula si mtu.

“Matambi” nayo ifute. Tambi ni neno letu la siku nyingi, nalo ni I-ZI: tambi zimeiva, tambi nzuri. Nalipenda kwa sababu moja. Wingi wa utambi wa taa nao ni tambi, na kwa macho vyote viwili ni nyuzinyuzi. Waitaliano nao walitazama kitu hicho hicho wakaona uzi: spaghetti inatokana na spago, kamba nyembamba, ikiwa katika udogo na wingi, yaani “vijikamba”. Kwa hiyo anayeita spageti tambi hajapunguza kitu. Tatizo ni la mgeni wako. Kwa watu wengi wa pwani, tambi ukizitaja bila maelezo ni zile za futari, zilizokaangwa zikapikwa kwa sukari, iliki na pengine tui la nazi na zabibu kavu. Jirani kutoka Tanga au Unguja atakuja akitegemea utamu, akutane na nyama ya kusaga na nyanya. Andika “tambi za rojo la nyama”, au “spageti” kama ni zile ndefu na “makaroni” kama ni zile zenye tundu. Wasomali, waliotawaliwa na Italia upande wa kusini, wanaziita baasto, na kuzila pamoja na ndizi mbivu pembeni. Jaribu siku moja.

Piza pia ina mtego wake huko Unguja. Pale Forodhani, jioni, “Zanzibar piza” ni unga uliotandazwa mwembamba sana, ukawekwa nyama ya kusaga, yai na vitunguu, ukakunjwa na kukaangwa juu ya chuma cha moto. Ni ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa kuliko wa kitu chochote cha Naples. Kwa hiyo kusema “piza ya Kiitaliano” si maringo, kuna mahali pa kuitofautisha. Zingatia tahajia yenyewe: nchi ni Italia, mtu ni Mwitaliano, watu ni Waitaliano, basi lugha na mtindo ni Kiitaliano, kwa “i” mbili. Kitaliano inasikika sana midomoni, ila kwenye maandishi ya kupendeza tunza “i” zote. Tena “chakula cha Italia” ni kilichotoka huko. “Cha Kiitaliano” ni cha mtindo wa huko, hata kama jibini ni ya Iringa na nyanya ni za Ilula. Chako ni hicho cha pili.

Kwenye “tushee” nitakaa kidogo, kwa sababu hapa hata waandishi wazuri huteleza. Kushea linasemwa mjini, na kwenye ujumbe wa simu kwa rafiki sitalikataza. Ila Kiswahili kina njia kadhaa za kula pamoja na kila moja ina picha yake. Kugawana ni kukata na kila mtu kuondoka na sehemu yake. Kula pamoja, au kula sinia moja, ni mikono kukutana. Kula kikoa ni kila mtu kuleta chake, au kupeana zamu ya kuandaa. Kuchangia ndilo la hatari. Watu husema wanachangia sahani au kikombe, wakiwa na maana ya kutumia kimoja, lakini ukiandika “karibuni tuchangie piza”, Mtanzania yeyote aliyewahi kuingizwa kwenye kamati ya harusi atauliza ni shilingi ngapi na zitumwe namba gani. Wewe unawapikia, huwaombi kitu. “Tule pamoja” inatosha.

“Zilizotengenezwa nyumbani” ina sarufi safi lakini imevaa suti. Sisi tunasema mkate wa nyumbani, keki ya nyumbani, au tunajisifu moja kwa moja: “nimepika mwenyewe”. Na kwa kuwa orodha yako ina vitu vingi, weka neno moja la kuvibeba vyote, upatanisho usikusumbue. Mimi ningeandika: “Karibuni Jumamosi tule pamoja vyakula vya Kiitaliano nilivyopika mwenyewe: piza, vipiza vya watoto, tambi za rojo la nyama, lasanya, na tiramisu ya kumalizia.” Wakenya wana kitindamlo kwa hicho cha mwisho, neno la vitabuni zuri sana, ila sijamsikia mama yeyote akiita watoto waje kula kitindamlo.

Piza ikifika mezani hukatwa vipande. Wali na ugali una tonge, nyama ina finyango, mkate una slesi. Piza ina kipande, nusu, robo. Na juu yake ina jibini. Najua tunasema chizi, lakini chizi mtaani ni mtu aliyerukwa na akili, na “piza ya chizi” kwenye ujumbe wa mwaliko itawafurahisha vijana wa jirani kupita ulivyokusudia.

Sasa maelekezo ya mapishi. Hapa ndipo nina msimamo mkali kuliko kote: jina la chakula linaweza kuwa geni, kitenzi hakina sababu. Mikono yako inafanya kwenye piza yale yale inayofanya kwenye chapati na maandazi tangu utotoni. Unga unachekechwa, unatiwa hamira, unakandwa, unafunikwa uumuke. Wewe unauumua, wenyewe unaumuka. Ukiuacha kupita kiasi utachacha, na kuchacha siyo kuumuka, ni kuwa mkali. Unakata madonge, unasukuma kila donge juu ya kibao. Ndiyo hiyo “kuroll” yako, kusukuma tu. Unapaka rojo la nyanya, unakwaruza jibini, unainyunyizia juu, unaoka. Jirani asiye na oveni usimwache nje: mwandikie apalie, yaani aweke sufuria kwenye moto mdogo na makaa juu ya mfuniko, kama anavyopika mkate wa sinia. Neno hilo limo jikoni mwa pwani tangu zamani, na piza inaiva nalo vizuri tu, mradi mfuniko usiguse jibini.

Kwenye tambi angalia sehemu moja. Waitaliano hupenda ziwe na ukakamavu kidogo ndani, al dente, yaani jino lizihisi. Usije ukaandika “ziwe na kiini”, maana kwetu wali wenye kiini ni wali ulioshindikana, na jirani yako atarudisha sufuria motoni mpaka tambi ziwe uji. Andika: “Chemsha kwa maji mengi yenye chumvi mpaka ziive bila kurojeka, kisha chuja maji mara moja.”